Divai gani na mbuzi, sombe na bukari, baridi hii ya mwezi wa saba?

Mukaza_Katuba

Jambo yenu wote. Niko Lubumbashi, Katuba, na jumamosi ya wiki ijayo nina mzigo. Bwana yangu ameamua wazazi wake washerehekee miaka 40 ya ndoa hapa kwetu, mezani petu, hataki kusikia habari ya ukumbi. Watu tisa. Mpishi ni mimi.

Chakula hakinitishi. Mbuzi nimeshamwekea malipo ya kwanza sokoni Kenya, komini ya hapa mjini. Nusu nitaipika mchuzi wa nyanya, vitunguu vingi na selari, polepole kwenye makala (makaa) kuanzia saa nane mchana. Nusu nyingine mashemeji watachoma michopo nje. Sombe, majani ya muhogo, nitatwanga mwenyewe, ile ya mashine siitaki siku hiyo. Ndani yake mawese, bilinganya na samaki wa Luapula wa kukaushwa kwa moshi. Bukari, yaani ugali, ya mahindi, nyeupe. Pili-pili itakaa pembeni kwenye kisahani, lakini naijua familia hii: kisahani kinazunguka meza na kinarudi kitupu.

Kinachonitisha ni kinywaji. Baba mkwe alifanya kazi Gécamines, kampuni ya migodi, mpaka pensheni na anakunywa bia ya Simba, chupa kubwa, kuwe na baridi kusiwe na baridi. Mama mkwe hataki kitu kichungu. Akipewa divai ni ile nyekundu ya sukari, Four Cousins, na akifika glasi ya pili anaanza nyimbo za kwaya. Halafu kuna yomba (mjomba) wa bwana yangu aliyekuja likizo kutoka Liège, Ubelgiji. Huyo anasoma etiketi ya chupa kabla hajakusalimia. Nyekundu ya nyama, nyeupe ya samaki, basi, kesi imeisha. Ameshatangaza kwamba ataleta Bordeaux, nyekundu ya Ufaransa. Bwana yangu hataki tuonekane tumekaa tunangoja chupa ya mgeni, kwa hiyo amenipa dola 60 ninunue divai «inayofaa». Inayofaa nini hasa, hakusema.

Na hii baridi. Anayejua Lubumbashi anaelewa: mchana jua kali, saa moja ya jioni watu wamevaa makoti ndani ya nyumba. Muuzaji mmoja mjini ameniambia baridi inataka divai nzito, akanionyesha chupa nyekundu ya asilimia 14.5. Muuzaji mwingine, barabara hiyohiyo, akaniambia chupa ile na pili-pili vitawasha watu moto. Nani mkweli? Na sombe, kuna divai inayokubaliana nayo au nisiilazimishe?

---

Kijana_Bel_Air

Yaya, unajiumiza kichwa bure. Mbuzi na bukari ni bia ya Tembo. Ile rangi ya kahawia, utamu kidogo, uchungu kidogo, inabeba mchuzi bila kelele. Dola 60 nunua makreti, zitakazobaki nunua keki. Na huyo yomba ametoka nchi ya bia! Mwulize Wabelgiji wanapikia nini ile nyama yao ya vitunguu ya siku za baridi. Wanamimina bia ndani ya sufuria. Akikataa Tembo mezani, amekataa kwao mara mbili.

---

Papa_Kalubwe

Binti, kijana hapo juu ana akili, nitamrudia. Kwanza nijibu ulichouliza.

Nimekuwa garso, mhudumu wa meza, baadaye mkuu wa magarso, kwenye hoteli ya hapa mjini, tangu wakati divai yote ilitoka Ulaya mpaka wakati huu ambapo karibu chupa zote zinapanda kwa lori kutoka Afrika Kusini na kuvuka mpaka wa Kasumbalesa. Nimewahudumia waliojua na waliojifanya wanajua. Muuzaji wako wa pili ndiye mkweli.

Sheria ya yomba si uongo. Ila ilitungwa kwa sahani ya kwao: kipande cha nyama, mchuzi vijiko viwili, pili-pili hakuna. Sisi huku tunakula mchuzi wenye nyama ndani, na mkono unakwenda kwenye mchuzi kabla ya nyama. Kwa hiyo mtu akiniambia «ninapika mbuzi» bado hajaniambia kitu. Namwuliza: mbuzi ndani ya nini?

Divai nyekundu inachacha pamoja na maganda ya zabibu. Rangi inatoka humo, na humo unatoka ule ukakasi unaokausha ulimi, kama umeng'ata ndizi mbichi. Ukakasi ukikutana na nyama unashikana na protini, unatulia. Chumvi nayo inaulainisha. Kumbe Bordeaux ya yomba ina mahali pake, na mahali pake ni pale nje kwenye michopo: nyama imetoka kwenye makala sasa hivi, imenyunyiziwa chumvi, mafuta yanadondoka. Hapo mpe glasi yake, anywe amesimama na mashemeji, kabla kisahani cha pili-pili hakijafika. Atafurahi, na wewe utakuwa umeitumia chupa yake mapema bila mtu kuona kwamba umeiondoa mezani.

Mezani ni habari nyingine. Pombe inauchochea moto wa pili-pili. Hilo halina ubishi, jaribu mwenyewe jikoni na kijiko cha mchuzi. Ukakasi unakuja juu yake kuukwaruza ulimi ambao umeshaungua. Ile ya 14.5, iliyolala kwenye mapipa mapya ya mwaloni, itawafanya watu wanywe maji. Baridi isikudanganye. Divai haitapasha mtu mwili. Utasikia joto kwenye ngozi, lakini joto hilo ndilo linalokutoka. Kinachopasha mwili ni ule mchuzi wako wa tangu saa nane.

Tafuta nyekundu changa, ya kati, asilimia 13 au pungufu kidogo, isiyosifia mbao za mapipa kwenye etiketi. Mchuzi wa nyanya una uchachu wake. Divai isiyo na uchachu ikikaa karibu nao inakuwa imepooza. Pinotage ya Afrika Kusini ya bei ya kawaida inafaa. Côtes du Rhône ya Ufaransa ukiiona kwa bei ya kibinadamu, pia inafaa.

Sasa sombe. Nimesikia watu wakubwa wakisema sombe na divai havikai meza moja, na wote walikuwa wamejaribu na nyekundu. Fikiri kilichomo ndani: majani yenye uchungu wake mdogo, mawese yanayopaka mdomo wote, samaki wa moshi. Nyekundu yenye ukakasi inaongeza uchungu juu ya uchungu, na kwa samaki inaacha ladha ya chuma ulimini. Weka nyeupe yenye uchachu. Uchachu unapasua mawese, mdomo unasafika, mkono unarudi kwenye sahani. Ninayoipendelea mimi ni Chenin Blanc. Asili yake ni Ufaransa, bonde la mto Loire, lakini leo Afrika Kusini ina mashamba makubwa ya Chenin kuliko nchi nyingine yoyote, kwa hiyo kwenye rafu za hapa haikosekani na bei yake haiumi. Ina matunda ya kutosha kuvumilia moshi wa samaki na pili-pili kidogo. Kama ungepika kuku wa mchuzi wa karanga ningekwambia hiyohiyo. Kwa kweli ungeniambia nichague aina moja tu kwa meza nzima, ningechukua Chenin, yomba aseme atakalo.

Mama mkwe mwache na Four Cousins yake, na mtu asicheke. Sukari inatuliza pili-pili, ndiyo maana Wajerumani wana divai nyeupe zenye sukari ambazo watu wanaojua wanazitafuta kwa makusudi kwa vyakula vikali vya Asia. Mama ana haki kuliko yomba hapo. Baba mkwe mpe Simba yake, wala usimwekee glasi ya divai mbele kama mtego. Ndoa ni yake, siku ni yake. Ndiyo hapo kijana wa Bel-Air yuko sawa: bia kwenye mbuzi haina aibu. Weka na Tembo chache.

Jambo la joto la chupa, hapa ndipo watu wa Lubumbashi wanapojikwaa mwezi wa saba. Miezi mingine yote tatizo ni kupoza: frigo, umeme unakatika, barafu ya kununua. Mwezi wa sita na wa saba usiku unashuka chini ya digrii 10, nyumba zetu hazina joto la ndani, na chupa nyekundu iliyokaa siku nzima kwenye sakafu ya simenti inafika mezani imeganda roho. Divai nyekundu ikiwa baridi sana, ukakasi unasimama mbele na harufu inajificha. Chupa nyekundu ziingie jikoni mchana, zikae juu ya kabati upande ule unaopikia, mbali na moto. Saa moja jioni ziko tayari. Nyeupe kinyume: saa kumi na moja ziweke nje dirishani, kivulini, frigo usiiguse. Ziingie watu wakiwa wameketi. Divai nyeupe iliyopozwa kupita kiasi hainuki kitu, utakuwa umenunua uchachu mtupu.

Na nikiwa kwenye moto: najua mtataka kuingiza mbabula, jiko la makala, sebuleni. Makala ambayo yameshawaka vizuri hayana moshi wa kuonekana, lakini gesi yake iko palepale na inaua watu usingizini kila msimu wa baridi. Mbabula ibaki barazani. Watu wavae makoti.

Ukinunua, angalia chupa imekaa wapi dukani. Ile iliyosimama dirishani ikipigwa na jua tangu mwezi wa kumi, mwezi wetu wa joto kali, imeshaiva mara ya pili. Pitisha kidole juu ya kizibo: kikiwa kimejitokeza nje ya shingo, au kuna unata wa divai iliyovuja, irudishe. Nyeupe uchukue ya mwaka mpya kadiri inavyopatikana. Kule Cape, Afrika Kusini, wanavuna kuanzia mwezi wa kwanza mpaka wa nne, nyeupe za kawaida zinatoka mapema, na hazikutengenezwa kungoja.

Glasi. Meza ya bukari ni meza ya mkono, na mkono una mawese. Nimeona glasi za shingo ndefu zikiteleza na kuvunjika kwenye karamu nyingi za bukari. Weka glasi za kawaida, fupi, nene kidogo, upande wa kushoto wa kila sahani, mkono wa kushoto ushike glasi, wa kulia ule. Taulo ndogo kwa kila mtu. Ukijaza, jaza kidogo, chupa ya sentilita 75 inatoa glasi tano au sita. Kwa watu wako, nyekundu mbili na nyeupe mbili zinatosha, ukihesabu kwamba wawili wana vyao na kwamba Bordeaux imeshanywewa nje.

---

Nyawera_Juu

Papa, aksanti kwa somo. Niko Bukavu. Kwetu baridi haisubiri mwezi wa saba, ni mvua yoyote ya jioni.

Mukaza, naomba niongeze kitu cha mlangoni. Wageni wakiwa wanaingia wamekunja mabega, mimi huwa nawapa divai ya moto. Nyekundu ya bei ya chini kabisa, chungwa lililokatwa pamoja na ganda, kijiti cha mdalasini, karafuu chache, sukari kwa kuonja. Unaweka moto mdogo mpaka mvuke unaanza kupanda, basi, unaondoa. Isichemke. Pombe yenyewe inachemka kwenye digrii 78 na karafuu zikichemka zinageuka dawa ya meno. Kwenye vikombe vya chai. Hata mama mkwe wako ataipenda, maana ina sukari.

Na mkononi uwape kitu cha kutafuna. Hapa kwetu ni sambaza wa Kivu, wale samaki wadogo walioletwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, unawapitisha kwenye unga na kuwakaanga mpaka wanalia chini ya jino, ndimu juu. Nyinyi mna ndagaa, itakuwa hivyohivyo. Ingawa, nikiwa mkweli, na ndagaa wa kukaanga mimi ningekunywa nyeupe baridi kuliko ile ya moto. Uamuzi wako.

---

Lushois_wa_Paarl

Salamu kutoka upande zinakotoka hizo chupa. Mimi ni mtoto wa Kamalondo, Lubumbashi, nafanya kazi kwenye ghala la divai huku Paarl, Afrika Kusini. Na huku ni baridi vilevile, tena baridi ya mvua: mwezi wa sita mpaka wa nane ndiyo majira ya baridi ya Cape. Mizabibu imebaki vijiti, watu wako shambani na mikasi wanapogoa. Jioni wanapika mkia wa ng'ombe kwenye chungu cha chuma cha miguu mitatu, kwa muda wa saa nne au tano juu ya moto wa kuni. Wanakunywa nini nao? Nyekundu nzito, ndiyo. Lakini ndani ya chungu kile hakuna pili-pili. Kwa hiyo Papa Kalubwe ana haki na muuzaji wa kwanza naye hakutoa maneno hewani, alikuwa anazungumzia meza ya watu wengine.

Nina neno moja na Papa kuhusu Pinotage. Pinotage ilizaliwa Stellenbosch mwaka 1925, Profesa Abraham Perold alipovusha Pinot Noir na Cinsaut. Ikitengenezwa kwa upole ni matunda, laini, inafaa nyanya. Lakini kuna nyingine zinatengenezwa makusudi zinuke kahawa na chokoleti, kwa mbao zilizochomwa sana, na kuna zenye uchungu nyuma ya ulimi. Hizo kwa sombe na pili-pili ni balaa. Ukisoma nyuma ya chupa ukaona habari za kahawa, rudisha. Mimi ningechukua mzazi wake, Cinsaut: nyepesi, rangi hafifu, ukakasi kidogo, na unaweza kuipoza kidogo bila kuiharibu. Baridi ya Lubumbashi haitaiumiza.

Chupa nyingi za huku zina kibandiko kidogo shingoni au juu ya kifuniko, chenye namba. Ni alama ya mfumo wa asili ya divai ulioanza mwaka 1973: maana yake eneo, mwaka na aina ya zabibu vilivyoandikwa vimekaguliwa. Ikiandikwa Chenin Blanc, angalau asilimia 85 iliyomo ni Chenin kweli. Yomba akianza kusoma etiketi, mwelekeze hapo.

Na miaka 40, mama! Watu watagonganisha glasi na nini, Simba? Kwenye dola 60 kata sehemu ununue chupa moja ya Cap Classique, divai ya mapovu ya huku. Inachacha mara ya pili ndani ya chupa yenyewe, njia ileile ya Champagne, na huku ilianza kutengenezwa mwaka 1971, na Kaapse Vonkel ya shamba la Simonsig. Mapovu na ndagaa wa kukaanga wa huyo dada wa Bukavu: usitafute zaidi. Wape hiyo kwanza wakiwa wamesimama.

---

Papa_Kalubwe

Mtoto wa Kamalondo, nakubali habari ya kahawa, sikuitaja na ilistahili kutajwa. Cinsaut pia nakubali, ila ionyeshe kwanza hapa Lubumbashi. Mjini nimeiona mara chache, na siwezi kumtuma mke wa mtu kuzunguka magazini zote za mjini akitafuta kitu ambacho labda kimebaki Kasumbalesa kwenye foleni ya malori. Akiikuta aichukue. Asipoikuta, Pinotage changa isiyo na kahawa.

Mapovu ndiyo, chupa moja. Watu tisa watapata kila mmoja kidogo cha kuinua, na kuinua ndiko kunakotakiwa pale. Chupa hiyo ndiyo pekee ninayotaka iwe baridi kabisa, ikiwezekana ndoo yenye barafu. Ikiwa vuguvugu inalipuka na nusu inakwenda kwenye suruali ya baba mkwe.

Divai ya moto ya Bukavu siipingi, nimewahi kuwapa watu wa migodi waliotoka kazini usiku. Lakini usiwape vyote viwili. Ulimi uliotoka kwenye sukari, karafuu na chungwa hausikii tena Chenin, utasema ni maji ya ndimu. Chagua: ama moto ama mapovu. Mimi ningeiweka ya moto mwisho, baada ya chakula, wazee wakiwa wamekaa na habari zao za zamani. Na hapo hata ile ya Four Cousins iliyobaki unaweza kuitia kwenye sufuria, sukari utapunguza.

---

Wa_Himbi

Napita tu kutoka Goma. Mkimaliza kula na Bordeaux ikibaki chini ya chupa, mwe na jibini ya Masisi. Ile ya mviringo iliyokaa mpaka ganda likakauka, ya wiki hii ni laini mno. Kama una mtu anayesafiri, mwagize. Nyekundu yenye ukakasi na jibini ngumu yenye chumvi ni marafiki wa siku nyingi, na yomba wa Liège atapata cha kuwasimulia wenzake: kwamba huku Kongo kuna jibini.

---

Mukaza_Katuba

Aksanti sana, wote. Papa Kalubwe, Mungu akulinde. Nimempigia bwana yangu simu nikamsomea maneno yako ya kumpa yomba glasi nje na mashemeji, akacheka mpaka mteja wake akamuuliza ana nini.

Leo nimeshazunguka. Chenin mbili nimezipata, za mwaka jana, zenye kibandiko, zilikuwa nyuma ya duka gizani. Pinotage mbili: ya kwanza aliyonipa ilikuwa na habari za kahawa nyuma, nikamrudishia, akaniangalia vibaya, akatoa nyingine ya 13.5 isiyosema kitu. Ni zaidi kidogo ya ulichosema, nimeichukua. Cinsaut hakuna, aliniuliza ni nini. Cap Classique moja. Imebaki dola 9, zitakwenda kwenye Four Cousins na bia za baba. Jibini ya Masisi nimemwagiza jirani anayerudi wiki hii, tutaona.

Ndagaa nitawakaanga. Divai ya moto nimeiacha mpaka mwisho kama Papa alivyosema, na mbabula itabaki barazani, nimeshagombana na shemeji mdogo juu yake.

Limebaki moja. Bwana yangu anataka kufungua Pinotage mbele ya watu, kwa heshima. Hajawahi. Hapa nyumbani chupa zote zimefunguliwa kwa kusukuma kizibo ndani na mpini wa kijiko. Ni lazima tununue kile chuma, na kipi? Na kizibo anakinusa au ni mambo ya filamu?

---

Papa_Kalubwe

Ni lazima. Kijiko kinasukuma vumbi la kizibo ndani, na divai inarukia shati.

Nunueni kizibuo cha garso, kile kinachojikunja chenye kisu kidogo na mguu wa kuegemea kwenye mdomo wa chupa. Kile cha mikono miwili kinachoinuka ni rahisi zaidi kwa asiyezoea, ila kinatoboa kizibo cha bei nafuu na kukivunja. Akate karatasi ya juu chini ya ule ukingo wa shingo, afute mdomo kwa kitambaa. Ncha iingie katikati, chupa imesimama mezani, wala asiibane katikati ya magoti mbele ya wakwe. Azungushe mpaka ibaki duara moja nje, asiende mpaka chini. Aegemeze mguu, avute polepole, mwisho amalizie kwa mkono ili isilie.

Kizibo asikinuse, anuse glasi. Amimine kidogo kwenye glasi yake mwenyewe kwanza. Ikinuka karatasi ya boksi iliyolowa, kizibo kimeiharibu, aiweke pembeni bila hotuba afungue ya pili. Ikiwa safi, amwanzie mama yake, halafu baba hata kama ana Simba mkononi, amwulize tu, kisha wengine. Yeye wa mwisho.

Jumatano ajaribu na chupa moja ya bei ya chini, nyinyi wawili tu. Na kabla ya kununua hicho kizibuo angalia vizuri zile Pinotage mbili ulizoleta. Nyingi za Afrika Kusini siku hizi zina kifuniko cha kusokota.